Msiisingizie kahawa, ulizeni joto lake

Na Zaina Amisi

Habari ya kwamba kahawa inaleta kansere haikuanza leo, na kila inaporudi hupokelewa kwa namna mbili. Kuna anayesukuma kikombe pembeni siku mbili tatu, kisha anakirudia kimyakimya. Na kuna anayecheka: basi kila kitu kinaua, tuache kula tulale. Hapa Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, ambako kikombe cha alfajiri ndicho kinachomshika mchimbaji shimoni hadi jua la mchana, anayecheka ndiye mwenye wafuasi. Wapo wanaouita ujinga. Mimi nakataa. Mtu aliyeambiwa kitu kinaua, asiambiwe ni kwa kiasi gani, kwa njia gani na kwa muda gani, amepewa hofu tupu, na hofu tupu haina matumizi nyumbani.

Tuangalie kilichosemwa hasa. Mwaka 1991 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao Lyon, Ufaransa, liliiweka kahawa kati ya vitu vinavyoweza kuleta saratani, likihofia saratani ya kibofu cha mkojo. Juni 2016 wanasayansi 23 walipitia tafiti zaidi ya 1,000, wakaitoa humo. Tafiti za awali zilikuwa zimeshindwa kuitenga kahawa na sigara, maana wanywaji wakubwa wa kahawa mara nyingi walikuwa pia wavutaji. Kwa saratani ya ini, ushahidi ulielekea hata upande wa kahawa kupunguza hatari. Lakini katika kikao hichohicho walitamka jambo lingine ambalo wachache walilisikia: kinywaji chochote kinachonywewa kikiwa na joto la zaidi ya digrii 65, iwe kahawa, iwe chai, yaelekea huleta saratani ya umio, yaani mrija wa kupitishia chakula. Dunia ikabaki kubishana juu ya kahawa. Mwaka 2018 jaji wa Los Angeles aliamua kwamba wauza kahawa wa California wabandike onyo kwa sababu ya akrilamaidi, kemikali inayozaliwa buni zikikaangwa. Mwaka 2019 serikali ya jimbo hilo ikaiondolea kahawa sharti hilo. Mabango na mahakama vilichukua masikio ya watu, joto likasahaulika.

Na joto ndilo linalotuhusu. Saratani ya umio imeshika ukanda mrefu wa mashariki ya Afrika, kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya, Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini. Kilimanjaro watafiti walipima chai ya watu pale wanapoanza kuinywa, wakakuta wastani wa zaidi kidogo ya digrii 70, na ya maziwa ikinywewa moto kuliko ya rangi kwa sababu hupoa polepole. Sasa tazama hapa kwetu asubuhi: mama anafungua termosi, mvuke unaruka, mchimbaji anapuliza mara mbili, anavuta kwa sauti huku macho yakimtoka machozi, anamaliza kabla pikipiki haijaondoka. Huyo hahitaji kuambiwa aache kahawa. Aambiwe asubiri dakika chache, mpaka ulimi usikimbie kikombe. Onyo hilo halimgharimu hata faranga moja.

Nitaambiwa kwamba wataalamu wanaogeuza kauli hawaaminiki. Lakini waligeuza baada ya kupata ushahidi mwingi zaidi, na wakasema wazi wamegeuza. Mganga asiyewahi kujirekebisha ndiye wa kuogopa. Nitaambiwa pia kwamba onyo likizidi halidhuru, heri mtu aogope bure. Hapo ndipo napinga kwa nguvu zote. Orodha ya Lyon hupima uhakika wa ushahidi, haipimi ukubwa wa hatari. Ni kama kuambiwa mamba yumo mtoni Luama: ni kweli, lakini hujajua kama yuko kilindini au kwenye kivuko unachotekea maji. Ukiwapigia watu kelele ya mamba kila siku, siku ya kivuko hawatageuka.

Na kivukoni wapo. Vumbi laini la mawe yanayotwangwa kutafutia dhahabu lina silika, ambayo shirika hilohilo liliihesabu mwaka 1997 kuwa inaleta saratani ya mapafu kwa hakika. Sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yaliyowekwa na unyevu, iko katika kundi hilohilo kwa sababu ya saratani ya ini, na ni mbaya zaidi kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Pombe imo pia, yoyote ile. Kuna atakayesema maskini hana uchaguzi, vumbi ndilo linalomlisha. Ni kweli hawezi kuacha kutwanga. Anaweza kumwagia jiwe maji kabla ya kulipiga, na mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kukaa upande ambao upepo hauleti vumbi. Karanga zenye ukungu zinaweza kuchambuliwa na kutupwa, wala zisisagiwe wageni.

Ndiyo maana nawaomba wanaoshika kipaza sauti redioni na wanaowapokea wagonjwa kwenye vituo vyetu vya afya, Kabambare na Kasongo: mkilitaja neno kansere, tajeni hapohapo na kipimo chake. Kabla ya kuigusa kahawa ya watu, anzeni na lile vumbi jeupe kwenye nywele za wanawake wanaotwanga.