Watoto Wanapokwenda Kuomba Sikukuu

Siku ya Idi, baada ya swala na pilau kuliwa, mitaa yetu ya Kinondoni na Temeke hujaa watoto. Wamevaa nguo mpya na viatu vinavyobana, nao hupita nyumba hadi nyumba: "Shikamoo! Naomba sikukuu yangu." Mwenye nyumba hutoa sarafu, na mwenye uwezo hutoa noti. Hakuna anayemwuliza mtoto dini yake, na watoto wa majirani Wakristo huwamo katika msafara. Mila hii ni njema, wala sikusudii kuipinga. Nauliza jambo moja tu: mfuko ukishajaa, mtoto huelekea wapi?

Aghalabu tunawaonya watoto wasiingie nyumba wasizozijua. Onyo hilo ni la lazima, nami ningeongeza kwamba sikukuu hupokelewa mlangoni, hata kwa mtu tunayemwita mjomba. Lakini fedha zinataka kutumiwa. Mtoto aliyekuwa nyumba ya tatu saa nne asubuhi, saa kumi alasiri yuko Mwembe Yanga, au anavuka Barabara ya Kilwa akikimbia, au yumo ndani ya daladala kuelekea Coco Beach pamoja na wenzake wasiojua kuogelea. Hakuna aliyemtuma huko. Ametumwa na mfuko wake.

Tusisahau yaliyotokea Tabora. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi el Fitri, watoto walikwenda kucheza disko katika ukumbi mmoja mjini humo. Waliingizwa wengi kuliko nafasi iliyokuwapo, wakakosa hewa, wakakanyagana. Watoto wapatao 20 walikufa. Tangu hapo Jeshi la Polisi limekuwa likitangaza, sikukuu zinapokaribia, kwamba disko toto ni marufuku. Hata hivyo, tangazo halisimami mlangoni kukata tiketi. Mwenye ukumbi akiwa mroho, atakayejua kwamba mtoto yumo ndani ni yule tu aliyeandamana naye.

Sisemi haya kama mtu asiye na kosa. Sikukuu moja, binti yangu wa miaka sita alipotea kwa muda wa saa tatu. Alikuwa mtaa wa pili tu, amekaa barazani kwa mama mmoja muuza chapati, ambaye alikwisha kumhoji.

"Mama yako anaitwa nani?"

"Mama Mwanaidi."

"Na baba?"

"Baba Mwanaidi."

Mwanaidi ndiye yeye mwenyewe. Alipoulizwa nyumba yao iko wapi, alijibu: karibu na duka. Nami nimesomea kazi ya kuuliza nani, wapi na lini. Lakini sikuwa nimemfundisha mwanangu majibu yake!

Siku hizi anajua majina yetu kamili, jina la mtaa na la balozi wetu. Namba ya simu fundi cherehani ameishonea ndani ya mfuko wa gauni, kwa kuwa karatasi hulowa jasho. Hatoki peke yake. Hufuatana na binamu yake wa miaka kumi na minne, ambaye naye hupewa sikukuu nono kwa kazi hiyo. Nyumba za kupitia tunazitaja pamoja usiku wa kuamkia Idi, na adhuhuri hurudi kula. Akipatwa na jambo asiloweza kumwambia mtu wa nyumbani, anajua kwamba simu ya 116 ni ya watoto na haina malipo.

Wajomba na mashangazi nao wana sehemu yao. Noti kubwa mkabidhini mama mbele ya mtoto mwenyewe, sarafu zibaki mfukoni mwake. Mwanaidi hakuupenda utaratibu huo hata kidogo. Idi ijayo ameruhusiwa nyumba saba. Ya nane bado tunabishana.