Mtoto Ni Wako, si wa Mwalimu wa Shule ya Jumapili



Wiki hii kwenye kundi letu la wazazi kumekuwa na malalamiko kuhusu walimu wa shule ya Jumapili. Mzazi mmoja ameandika kwamba binti yake ana miaka tisa na hajui kuombea chakula. Mwingine anasema kijana wake hawezi kutaja vitabu vitano vya Agano Jipya. Wa tatu akapendekeza walimu wote wabadilishwe, na wengi wenu mkamuunga mkono. Nimesoma yote. Nimenyamaza siku tatu ili nisijibu kwa hasira. Leo najibu hapa hadharani, kwa sababu jambo hili linagusa nyumba nyingi kuliko hizo tatu.

Naanza na swali. Huyo binti wa miaka tisa anakula wapi? Kwa mwalimu wa shule ya Jumapili anapata biskuti mbili na kikombe cha juisi mara moja kwa wiki. Chai ya asubuhi anakunywa kwako. Ugali na sukuma wiki ya jioni anakula mezani pako. Basi kama hajui kuombea chakula, tatizo liko kwenye meza gani?

Hebu tufanye hesabu kidogo. Wiki ina saa 168. Darasa la Jumapili ni saa moja na nusu. Hata mtoto asikose Jumapili moja mwaka mzima, zote 52, atakuwa amekaa na mwalimu saa 78. Hizo ni siku tatu na robo. Mpendwa, unataka dada wa miaka ishirini na mbili, asiyelipwa hata nauli, mwenye watoto arobaini chini ya hema na kalamu za rangi za kuchangiana, ajenge kwa siku tatu kile ambacho wewe huna mpango nacho siku zile nyingine zote? Halafu akishindwa, afutwe?

Tena shule ya Jumapili yenyewe, unajua ilianzaje? Mwaka 1780, mjini Gloucester, Uingereza, mchapishaji wa gazeti aitwaye Robert Raikes aliona watoto maskini waliofanya kazi viwandani siku sita kwa wiki. Hawakuwa na shule, na Jumapili walizurura mitaani. Akawakusanya wafundishwe kusoma, na kitabu chao kilikuwa Biblia. Ulikuwa msaada kwa watoto waliokosa mtu wa kuwafundisha. Sisi leo tumeuchukua msaada huo tukaufanya kisingizio. Watoto wana baba na mama waliookoka, wanaonena kwa lugha, wenye Biblia tatu kabatini, na bado tunawapeleka kanisani kana kwamba hawana wenyewe.

Fungua Kumbukumbu la Torati sura ya 6, kuanzia mstari wa 4 hadi wa 9. Musa anasema na taifa zima. Wakati huo Mungu alikuwa na makuhani. Alikuwa na kabila zima la Walawi waliotengwa kwa kazi ya hema. Lakini amri ya kuwafundisha watoto neno lake hakuwaachia hao peke yao. Alimpa mzazi, na akamtajia saa za kazi: unapoketi nyumbani, unapotembea njiani, unapolala na unapoamka. Tafuta hapo saa ya ibada ya Jumapili uniambie kama umeiona.

Na Pasaka je? Kutoka 12:26 inatazamia kwamba mtoto atauliza maana ya ibada ile. Atamuuliza nani? Wazazi wake, nyumbani, nyama ikiwa mezani. Mungu aliweka somo kubwa kuliko yote la Israeli pale watu wanapokula.

Kuna wanaodhani kwamba mtoto akishinda kanisani ameshapona. Kwaya, kambi ya vijana, kesha, semina. Ndugu zangu, someni habari za Hofni na Finehasi. Wale hawakuwa watoto wa waenda disko. Baba yao alikuwa kuhani Eli, na wao wenyewe walihudumu kwenye hema ya Bwana kule Shilo. Lakini 1 Samweli 2:12 inatuambia kwamba hawakumjua Bwana. Walikuwa karibu na madhabahu kuliko mtoto yeyote wa kanisa letu, na hawakumjua mwenye madhabahu. Mungu alipomhukumu Eli, hakumshtaki kwa ibada alizokosa. Alimshtaki kwamba alijua makosa ya wanawe na hakuwazuia.

Wazee walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Zamani ulimwengu huo ulikuwa nje ya lango. Siku hizi tunaulipia bando, tunauweka mkononi mwa mtoto wa miaka sita ili atuache tupumzike, halafu akifika kidato cha tatu tunakuja kwa mchungaji na machozi: "Niombee mwanangu, amekataa kanisa." Nitaomba, ndiyo. Nimeomba na wengi. Lakini mara nyingi huyo kijana hajakataa kitu alichokijua. Amekataa jengo alilopelekwa Jumapili.

Sasa nazijua sababu zenu, ngoja nizijibu.

"Mchungaji, sina muda." Najua unatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku. Lakini amri ile haikukudai saa mpya. Ilichukua saa ulizo nazo tayari. Unakula, basi ombea chakula kwa sauti, na kesho mtoto aombe. Unamsindikiza hadi stejini, basi muulize ana hofu gani ya leo, na muiombee mkitembea, macho wazi. Analala, basi mwekee mkono kichwani umtaje kwa jina mbele za Bwana. Hiyo ni dakika mbili. Na wewe baba uliye kazini Mombasa na familia iko Kakamega, ukipiga simu usiku kuuliza kama pesa ya karo imefika, omba nao kabla ya kukata.

"Sijui Biblia vizuri." Injili ya Marko ina sura 16. Ukisoma mistari kumi kila usiku, unaimaliza kwa siku kama sabini. Mtoto akikuuliza usilolijua, mwambie hujui, mtafute pamoja. Hatakudharau. Atajifunza kwamba hata watu wazima wanaendelea kumtafuta Mungu.

"Mume wangu hajaokoka." Baba yake Timotheo alikuwa Myunani, na anayesifiwa kwa imani ni mama Eunike na nyanya Loisi. Soma 2 Timotheo 1:5, kisha 3:15 uone kwamba kijana yule aliyajua Maandiko tangu utotoni. Nyanya, na wewe pia unahusika hapa. Wajukuu unaoachiwa likizo ya Agosti ni darasa lako.

"Nina watoto wengi." Susanna Wesley, mke wa mchungaji kule Epworth, Uingereza, alizaa watoto kumi na tisa na kuzika wengi wao wakiwa wachanga. Mume alikuwa London mara nyingi kwa shughuli za kanisa. Mama huyu aligawa jioni za wiki, kila mtoto na siku yake ya kuongea naye peke yake mambo ya roho. Alhamisi ilikuwa zamu ya John. Huyo ndiye John Wesley ambaye mahubiri yake yalitikisa Uingereza. Kabla ya kuwahubiria maelfu, alikuwa mtoto mmoja aliyesikilizwa na mama yake Alhamisi jioni.

Nionye upande wa pili pia. Wapo wanaogeuza ibada ya nyumbani kuwa adhabu. Baba anahubiri saa nzima, mtoto anasinzia, anapigwa. Mwingine akikosea anaamriwa kukariri zaburi, mpaka neno la Mungu linanuka kiboko. Waefeso 6:4 inawakataza akina baba kuwachokoza watoto wao. Iwe fupi. Iwe na kicheko. Mtoto aruhusiwe kuuliza swali gumu bila kuitwa mwasi.

Tena fahamu kwamba ibada yenyewe inahubiriwa mchana kutwa kabla hujafungua Biblia. Mtoto anakusikia ukisema kwenye simu kwamba umeshafika tauni, na bado unatafuta soksi. Anakuona ukimpa polisi wa trafiki noti ya mia mbili ndani ya leseni. Usiku ukisoma habari za kweli, yeye anajua anachokijua. Lakini siku ile mama mboga amezidisha chenji na ukamtuma mtoto arudishe ile shilingi hamsini, umemhubiria mahubiri ambayo mimi siwezi kuyafikisha kwa maikrofoni.

Mwisho, hili linawahusu pia viongozi wa idara. Hatuwezi kuwaita wazazi kanisani jioni tano kwa wiki na kisha kuwauliza madhabahu ya nyumbani iko wapi. Kwa hiyo nimekubaliana na wazee wa kanisa: kuanzia mwezi ujao, Alhamisi jioni hakuna kikundi, hakuna mazoezi ya kwaya, hakuna kamati. Mlango utafungwa. Ukija utakuta kufuli, na kufuli hiyo inakuambia urudi nyumbani kwa watoto wako. Najua kuna watakaosema mchungaji amepoa kiroho. Waseme.

Na kwa wale waliotaka walimu wafutwe: walimu wanabaki. Jumapili hii nenda kwa mwalimu wa mtoto wako, umshike mkono, umwambie asante. Kisha muulize wamefundishwa nini, ili Jumatatu uendelee pale alipoishia.

Tuombe. Baba, tunakuletea nyumba zetu. Tupe wazazi midomo ya kulitaja jina lako jikoni, njiani na kitandani. Warudishe wana na binti waliokwenda mbali. Utupe neema ya kuanza leo usiku, kabla watoto hawajalala. Kwa jina la Yesu, Amina.

Kama una mtoto chini ya paa lako, andika jina lake la kwanza hapo chini, kisha uweke simu kando na uende ukaombe naye. Mbarikiwe.