Kuchoka si Uvivu

Tarehe 20 Oktoba 1968, ndugu yetu John Stephen Akhwari aliingia uwanjani Mexico City akichechemea, goti lake limefungwa bandeji baada ya kuanguka njiani. Mshindi wa marathoni, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amekwisha kumaliza zaidi ya saa moja kabla yake. Taifa lajivunia ushupavu ule, nasi twaujivunia. Lakini ushupavu wa siku ya mashindano ni jambo moja; kumchosha mkimbiaji kila siku ya mazoezi ni jambo jingine kabisa.

Wako walimu wa michezo waaminio kwamba kijana asemaye amechoka ni mvivu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi! Twayapinga mawazo hayo. Nguvu ya mwanariadha haitokani na mazoezi peke yake. Hutokana pia na mapumziko, mwili unapojijenga upya.

Uchovu wapimika, wala hauhitaji mashine za ghali. Mwanariadha na ahesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima kila alfajiri kabla ya kuondoka kitandani, ayaandike. Yakizidi kawaida yake siku kadhaa mfululizo, huenda amechoka, au homa yamnyemelea. Tena, nusu saa baada ya mazoezi, aseme yalikuwa mazito kiasi gani, tangu 0 hata 10, na hesabu hiyo izidishwe kwa dakika alizofanya. Dakika 60 kwa uzito wa 7 ni 420. Juma kwa juma, daftari litaonyesha mzigo ulipopanda ghafula.

Wengine watasema neno la mkimbiaji si kipimo. Mwaka 2016 wataalamu walichapisha uchambuzi wa tafiti 56, wakaona kwamba maelezo ya mwanariadha mwenyewe huonyesha athari ya mazoezi vizuri zaidi kuliko vipimo kama vya damu na moyo.

Hata hivyo, neno hilo lina sharti lake. Kijana ajuaye kwamba akisema 9 ataondolewa katika timu, atasema 5, na daftari litajaa uongo. Mfanyakazi aliyewahi kuficha maumivu kwa kuogopa kupoteza kazi aelewa jambo hili.

Kwa hiyo twasema: kipimo kisigeuzwe kiboko. Viongozi wa vilabu na wanunue daftari, lakini kwanza wamlinde asemaye kweli.