Fizi na Baraka: kucha za wazee zinaharibika, nani anaziangalia?

Ukitaka kujua mzee anaishi namna gani, usimwangalie usoni. Usoni wazee wetu wanajua kuficha. Angalia miguu yake.

Kandokando ya ziwa, toka Mboko, Nundu na Lusenda mpaka Baraka, na ukipanda mpaka Fizi-centre, wako wazee wengi wenye kucha za miguu zilizogeuka. Zingine ni za njano, zingine nyeusi-nyeusi, nene kama gamba la mti, zinavunjika-vunjika, zingine zimejikunja na kuingia katika nyama. Ukiuliza, jibu ni lile lile: "Ni uzee tu." Mzee mwenyewe anasema hivyo, watoto wanasema hivyo, na mara nyingine hata kwenye kituo cha afya utaambiwa hivyo.

Hapana, si uzee tu. Mara nyingi ni ugonjwa, na unaweza kumletea mzee matatizo makubwa. Lakini tunataka pia kuonya mapema: dawa ya kwanza ya ugonjwa huu si kidonge. Kitu wazee wetu wanakosa zaidi ni mkono wa mtu.

Ugonjwa wenyewe ni nini?

Ni kuvu, ile ambayo wengi hapa kwetu wanaita shampinyo. Ni vijidudu vidogo vinavyokula ile sehemu ngumu ya kucha. Aina inayoonekana zaidi duniani inaitwa Trichophyton rubrum. Inapenda unyevu, joto na giza, yaani pale pale katikati ya vidole, ndani ya bote ama kiatu cha plastiki. Mara nyingi inaanzia kwenye ngozi: katikati ya vidole panawasha, ngozi inakuwa nyeupe na kuchubuka. Kisha polepole inaingia chini ya kucha.

Kwa mikono, habari ni tofauti kidogo. Mama aliyelowesha mihogo na kuosha vyombo miaka mingi, mikono yake ikiwa majini kila siku, anaweza kupata kuvu ya aina nyingine, inayoitwa kandida. Hiyo inaanzia kwenye nyama ya pembeni ya kucha, inavimba na kuuma.

Kwa nini wazee zaidi? Kwanza, kucha ya mguu inakua polepole sana, kama milimita 1 mpaka 1 na nusu kwa mwezi. Kucha ya kidole gumba cha mguu inaomba mwaka 1 mpaka mwaka 1 na nusu kubadilika yote, na kwa mzee ni zaidi. Pili, damu haifiki tena vizuri kwenye vidole. Tatu, mvuvi aliyesukuma mtumbwi miaka 40, ama mama aliyelima kwenye bonde lenye maji, miguu yake imekutana na unyevu maisha yote. Nne, na hii ndiyo watu wanasahau: mzee haoni vizuri na hawezi kuinama. Kucha iko mbali naye. Kule ambako wamefanya hesabu, wanganga wanakadiria kwamba kwa watu waliopita miaka 70, mpaka nusu yao wanaweza kuwa na kuvu hii.

Lakini si kila kucha mbaya ni kuvu. Wanganga wa ngozi wanasema karibu nusu tu ya kucha zilizoharibika zinatokana na kuvu. Zingine ni kwa sababu ya kupigwa na jembe ama jiwe, kiatu kinachobana, funza (wengine wanasema mavunza), ama magonjwa mengine ya ngozi. Na iko moja ya kuogopa: alama nyeusi chini ya kucha moja tu, inayozidi kupanuka bila mtu kujigonga. Hiyo inaweza kuwa kansa. Bob Marley, ambaye wengi wetu tumecheza muziki wake, alikutwa mwaka 1977 na kansa ya ngozi chini ya kucha ya kidole gumba cha mguu. Alifariki tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36 tu. Kwa hiyo alama kama hiyo ipelekwe kwa munganga bila kungojea.

Kwetu nyumba ya wazee ni nyumba zetu

Katika nchi za Ulaya, habari ya kucha za wazee inazungumzwa sana kwenye nyumba wanakotunzwa wazee. Kule kuna mtu analipwa kwa kukata kucha na kuangalia miguu. Ufaransa, bima ya afya inalipia mgonjwa wa sukari ambaye miguu yake iko hatarini ili amuone mtaalamu wa miguu mara kadhaa kwa mwaka. Kinshasa pia kuna nyumba ya Saint-Pierre inayopokea wazee. Huku kwetu mzee anabaki katika familia. Hiyo ni heshima yetu, na hatuoni aibu juu yake.

Shida ni kwamba familia yenyewe imetawanyika. Vita ya 1996 na ile ya 1998 zilivusha maelfu ya watu wa Fizi ng'ambo ya ziwa, mpaka kambi ya Nyarugusu huko Kigoma. Toka Oktoba 2005 wengi walirudi kwa meli mpaka Baraka, lakini wengine walibaki, na wengine wakapelekwa Marekani. Vijana waliobaki, wengi wanashuka Misisi kutafuta dhahabu. Tena toka Februari 2025, M23 ilipochukua Bukavu, mambo yamezidi kuwa magumu: watu wanahama tena, na mzee ndiye anayebaki nyuma ama anayetembea mwisho, na miguu ile ile.

Kwa hiyo katika nyumba nyingi anabaki mzee na wajukuu. Mtoto aliye Marekani anatuma pesa kwa simu, na tunamshukuru. Lakini pesa haiinami kukata kucha. Na desturi nayo ina sehemu yake: katika familia nyingi, mke wa mtoto hawezi kugusa miguu ya baba-mkwe wake. Baba-mkwe naye hawezi kuomba. Kila mtu anamheshimu mwenzake, na kucha inazidi kuingia katika nyama.

Kwa nini tusidharau?

Kucha nene inauma ndani ya kiatu. Mzee anaacha kiatu, kisha anaacha kutembea. Haendi tena kanisani, ama msikitini, haendi sokoni. Anatembea vibaya na anaweza kuanguka, na kwa mzee kuvunjika nyonga kunaweza kuwa mwisho wa kutembea.

Ngozi iliyochubuka katikati ya vidole ni mlango wazi. Bakteria zinaingia, mguu unavimba, unakuwa mwekundu na wa moto, homa inapanda. Hapo tayari ni hospitali.

Na kwa mwenye ugonjwa wa sukari, hatari ni kubwa zaidi. Sukari inaua hisia za miguu. Kucha inamchoma na hasikii. Kidonda kinaanza bila yeye kujua, hakiponi, na mwisho wake unaweza kuwa kukatwa kidole ama mguu. Wengine wanajulia ugonjwa wa sukari kwenye kidonda kama hicho, wakati umekwisha kuwaharibu.

Mtego wa farmasi

Niseme jambo lililonipata mimi mwenyewe. Nyanya yangu, mama mzaa baba, alipoharibika kucha, nilikwenda farmasi moja. Sikuulizwa umri wake, wala kama anakunywa dawa zingine. Nilipewa vidonge kumi. Vilipokwisha nikanunua vingine kumi. Hatukuona kitu, tukaacha. Baadaye ndipo nilielewa kwamba pesa ile niliitupa ziwani.

Angalia hesabu. Dawa inayotumiwa zaidi duniani kwa kuvu ya kucha za miguu inaitwa terbinafine. Mtu mzima anakunywa kidonge cha miligramu 250 mara moja kwa siku, kwa wiki 12. Hiyo ni vidonge 84. Kumi havifiki popote. Griseofulvin, dawa ya zamani, inaomba mwaka 1 ama zaidi kwa kucha za miguu. Na hata aliyemaliza dozi yote anaweza asipone, ama ugonjwa ukarudi. Aliyepona naye hataona kucha safi kesho: atangojea mpaka mpya iote yote.

Tena dawa hizi zinapita kwenye ini na zinaweza kugombana na dawa zingine ambazo mzee anakunywa. Iko moja ya kukataa kabisa kwa kazi hii: vidonge vya ketokonazole. Mwaka 2013, wasimamizi wa dawa wa Ulaya waliomba visimamishwe, na wale wa Marekani wakasema visitumiwe kwa kucha, sababu vinaweza kuharibu ini vibaya. Pomada yake ya ngozi ni habari nyingine. Na wale wanaopaka maji ya betri ama petroli, waache: vinachoma ngozi.

Kwa mzee asiye na sukari na asiye na maumivu, munganga mzuri anaweza kusema: usinywe kitu, tutunze miguu tu. Hilo si kudharau mzee. Kabla ya vidonge, inafaa kupima kwanza. Labo inachukua kipande cha kucha, inaweka dawa iitwayo potasi, na kuangalia kwa hadubini ile ile inayotumiwa kutafuta malaria na kifua kikuu. Kipimo hiki hakiombi mashine ya pesa nyingi. Kinaomba mtu aliyefundishwa, na mtu wa kukiagiza.

Wazee hawako katika orodha

Hapa ndipo penye siasa. Katika vituo vyetu, vitu vya bure vina wenyewe: chanjo ni za watoto, chandarua ni cha mama mjamzito na mtoto, dawa za kifua kikuu na za UKIMWI zina mpango wao. Mwaka 2023 serikali ilizindua Kinshasa mpango wa kujifungua bila malipo. Mambo hayo yote ni mazuri, hakuna anayepinga. Lakini mzee wa miaka 75 akiingia pale, hana mpango. Analipa kama mtu yeyote, na mara nyingi hana kipato, sababu mvuvi na mkulima hawana pensheni.

Lakini Katiba ya 18 Februari 2006, kwenye kifungu cha 49, inasema mtu wa umri mkubwa ana haki ya kulindwa kwa njia maalum, kufuatana na mahitaji yake ya mwili, ya akili na ya roho. Karibu miaka 20 imepita. Baraka pia ilizoea mashirika: MSF ilifanya kazi hapa toka 2003, kisha mwisho wa 2020 ikatangaza kuondoka baada ya kushambuliwa. Somo ni moja: kazi isiyo na mwenyeji inaondoka na gari lililoileta. Kuangalia miguu ya wazee hakuhitaji gari. Kunahitaji sisi wenyewe.

Tufanye nini?

Nyumbani: mara moja kwa wiki, mtu mmoja achaguliwe kwa miguu ya mzee. Kama mke wa mtoto hawezi, mjukuu anaweza. Loweka miguu katika maji ya vuguvugu dakika 10, si maji ya moto, na jaribu maji kwa mkono wako kwanza. Kata kucha sawasawa, usichimbe pembeni. Kausha katikati ya vidole, hata baada ya kutawadha ama kuoga. Wembe ama kikata kucha kisizunguke nyumba nzima: kila mtu na chake, ama kioshwe na kuchemshwa. Kama ngozi inawasha katikati ya vidole, pomada ya kuvu ya kupaka inafaa, lakini kwa wiki kadhaa, si siku tatu. Kwa mwenye sukari, usikate kucha nene wewe mwenyewe, mpeleke kwa muuguzi.

Kituoni: tuombe CODESA zetu, katika maeneo ya afya ya Fizi, Nundu na Kimbi-Lulenge, waweke swali hili kwenye mkutano. Wale RECO wanaopita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya chanjo, waombe pia kuona miguu ya mzee aliye mle ndani. Muuguzi mkuu, yule tunayemwita I.T., awe na mkasi mzuri wa kucha unaochemshwa, na apime sukari kwa kila mzee mwenye kidonda kisichopona.

Makanisani na misikitini: vijana wanaofagia uwanja kila Jumamosi wanaweza kutoa saa moja kwa wazee wasio na mtu. Beseni, sabuni, kitambaa kikavu. Basi.

Nyanya yangu hakupona kucha zake zote. Lakini tangu mjukuu wake wa miaka 14 aanze kumkata kila Jumapili jioni, amevaa tena viatu, na anatembea mwenyewe mpaka kwa jirani. Leo jioni, kabla ya kulala, muombe mzee wa nyumba yako akuonyeshe miguu. Labda atakataa mara ya kwanza. Omba tena.