Kadi Haimhesabu Aliyeachwa Kituoni

Katika miji mikubwa ya dunia umezuka mtindo wa kuiabudu kadi ya nauli. Abiria anapoigusisha kadi yake kwenye mashine ya basi, kompyuta huandika saa, basi na namba ya kadi. Na kutokana na mamilioni ya maandishi hayo wapanga mipango hudai kwamba wanajua wananchi wanataka kwenda wapi na saa ngapi. Dai hilo lina ukweli nusu, na nusu iliyokosekana huwaumiza wanyonge.

Itazamwe Santiago, mji mkuu wa Chile. Tarehe 10 Februari 2007 mtandao wa zamani wa mabasi ya mji huo ulibadilishwa kwa mpigo, ukaingia mpango ulioitwa Transantiago, na nauli ikawa ya kadi iitwayo Bip!. Njia zilichorwa mezani, mabasi yakapunguzwa, na makampuni yakahakikishiwa malipo hata yasipobeba watu wa kutosha. Wafanyakazi wakasimama vituoni alfajiri wakingojea mabasi yasiyofika, na treni za chini ya ardhi zikafurika. Machi mwaka huo huo Rais Michelle Bachelet alilazimika kuwaomba radhi wananchi hadharani.

Haki ya wataalamu isifichwe. Katika mabasi ya Santiago abiria hugusisha kadi anapopanda tu. Akishuka haandikwi popote. Marcela Munizaga na Carolina Palma, katika utafiti uliochapishwa 2012, walionyesha jinsi ya kuziba pengo hilo: mahali kadi inapotumika tena hudokeza alikoshukia mwenyewe, na safari ya mwisho ya siku huchukuliwa kuwa inamrudisha alikoanzia asubuhi. Hivyo walikisia kituo cha kushukia kwa zaidi ya asilimia 80 ya safari, bila jeshi la makarani wa kupiga hodi nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo yastahili sifa.

Lakini makisio hayo yanamhusu nani? Yanamhusu aliyepanda na kulipa. Aliyepitwa na mabasi matatu yaliyojaa, hatimaye akaenda kwa miguu, hayumo. Mama aliyekataa kazi ya mbali kwa kuwa hakuna basi la kumrudisha usiku, hayumo. Wala hayumo aliyepanda bila kulipa, na huko Santiago hao hawakuwa wachache: katikati ya miaka ya 2010 zaidi ya robo ya waliopanda mabasi hawakulipa, hasa katika mitaa ya maskini. Basi ramani ya kompyuta huonyesha mahitaji makubwa palipo na mabasi mengi na kadi zenye salio, na huonyesha ukimya palipo na dhiki. Mpanga mipango asiyejihadhari atamwongezea aliyenacho na kumpunguzia asiyenacho, kisha atasema takwimu ndizo zilizoamua, kana kwamba takwimu zimepewa kura!

Tena mikataba mipya ya 2012 ilifungamanisha sehemu kubwa ya malipo ya makampuni na idadi ya walioandikwa na mashine. Kwa hesabu ya namna hiyo, kituo chenye watu wasio na nauli ni hasara tupu, na dereva anayekipita haipunguzii kampuni yake senti moja.

Oktoba 2019 nauli ya treni ilipandishwa kwa peso 30. Wanafunzi wakaruka vizuizi, vituo vikachomwa moto, hali ya hatari ikatangazwa, na tarehe 19 Serikali ikasimamisha nyongeza hiyo. Kila aliyeruka kizuizi alisafiri bila kuacha alama yoyote katika takwimu za kadi.

Kwa hiyo wanaotaka kupanga usafiri kwa kadi hawana budi kuwaweka watu vituoni wahesabu wanaoachwa, na kuwauliza wakazi nyumbani mwao ni safari zipi walizozikosa. Na hesabu hiyo ianzie La Pintana, kusini, saa 11 alfajiri, kabla haijafika kwa matajiri wa Providencia.