HONI KUBWA HAIFUKII SHIMO

Ndugu msomaji, kama una pikipiki, leo tunazungumza na wewe. Kama huna, bado tunazungumza na wewe, kwa sababu anayempeleka mwanao shule, mkeo zahanati na gunia lako la mpunga mashineni ni kijana wa bodaboda.

Pita katika kijiwe chochote cha bodaboda pale Madibira, wilayani Mbarali. Utakuta kijana amekwisha kung'oa honi ndogo iliyokuja na pikipiki yake, ile inayolia kama kifaranga, akafunga honi ya gari. Wa pili amefunga mbili. Wa tatu katafuta king'ora kabisa, akipita watoto wanadhani polisi wamekuja. Aliyebaki na honi ya kiwandani anachekwa na wenzake.

Wakubwa wakisikia kelele hizo hutikisa kichwa na kusema: "Vijana wa siku hizi ni wahuni." Kisha hufunga vioo vya gari na kuendelea na safari.

Sisi hatukubaliani na jibu hilo jepesi. Mlalahoi hatoi fedha yake mfukoni bila sababu. Kijana huyu pikipiki yenyewe mara nyingi si yake. Yuko kwenye mkataba, na hesabu ya tajiri inamsubiri, mvua inyeshe jua liwake. Akiamua kutoa sehemu ya ugali wake akanunue honi, lazima tujiulize: kulikoni?

Jibu liko barabarani. Skimu ya umwagiliaji ya Madibira, inayokunywa maji ya mto Ndembera, ina hekta zipatazo 3,000. Mpunga wote huo hauruki kwa mabawa. Unatoka kwa pikipiki, kwa pawatila, kwa matrekta na kwa malori, kuelekea Rujewa upande mmoja na Mafinga upande wa pili. Barabara hiyo kwa sehemu kubwa ya maisha ya waliozaliwa hapa imekuwa ya changarawe na vumbi. Kiangazi, lori likikutangulia huoni hata tairi yako ya mbele. Masika, wote mnagombea ule mkanda mmoja mkavu katikati. Kwenye kona nyasi zimesimama kuliko mtu. Ng'ombe wanavuka wanapotaka.

Katika hali hiyo, honi ndiyo sauti pekee aliyonayo mnyonge. Anapiga kusema: "Nipo hapa, msiniue." Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Lakini rafiki wa kweli hakufichi kosa lako. Tumekwisha kukutetea, sasa tukwambie ukweli. Honi kubwa haitakuokoa kama unavyodhani.

Fanya hesabu na sisi. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu sheria inaoruhusu penye makazi, inakata karibu mita 14 kila sekunde. Wewe umeona hatari, kidole kimetafuta kitufe, honi imelia, mwenzako amesikia, amegeuka, ameelewa. Hapo sekunde mbili zimekwenda, na mita 28 nazo zimekwenda. Kama kidole kimetangulia na breki imengoja, umeshafika.

Hesabu ya pili ni ya wale wa honi mbili. Wengi wanadhani honi mbili zinasikika mara mbili. Sivyo. Sauti hupimwa kwa desibeli, na honi mbili zinazolingana huongeza desibeli 3 tu juu ya moja. Maana yake ni kwamba mtu aliyekuwa akikusikia umbali wa mita 10 kwa honi moja, sasa atakusikia vile vile akiwa mita 14. Umenunua mita nne. Kwa mwendo wa kilomita 50, mita nne hazifiki hata theluthi ya sekunde. Umelipia kupepesa jicho.

Tena mwangalie unayempigia. Dereva wa pawatila amekaa nyuma ya injini ya dizeli yenye silinda moja, inayomgongea masikioni tangu asubuhi. Dereva wa lori kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma amefunga vioo na redio inaimba. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Wanaokusikia vizuri ni wale ambao hawana lolote la kukufanyia: mgonjwa aliyelala zahanati, mama aliyejifungua jana, mtoto aliye darasani anatafuta alama za mtihani, na wafiwa waliokaa msibani. Tena wa kwanza kuumia ni wewe mwenyewe, kwa kuwa sikio lako ndilo lililo karibu na honi hiyo siku nzima.

Hatusemi haya ili kutisha watu. Wilaya hii imeonja. Julai 1, 2023, Mbunge wa Mbarali, Francis Mtega, alifariki dunia baada ya pikipiki aliyokuwa akiendesha kugongana na pawatila. Alikuwa mbunge wa chama tawala, na kalamu ya gazeti hili si ya chama hicho. Lakini mbele ya kaburi hakuna kadi ya chama. Hatumnyooshei mtu kidole kwa ajali ile. Tunauliza tu: kama barabara zetu zinaweza kumchukua mbunge ndani ya jimbo lake mwenyewe, kijana wa kijiweni asiyejulikana hata jina wizarani atahesabiwa na nani?

Sasa wewe uliyekwisha kuamua kufunga honi kubwa, hatutakuzuia kwa matusi. Tutakwambia ufunge vizuri, kwa sababu mafundi wa chini ya mwembe wameunguza pikipiki nyingi.

Honi ya pikipiki ndogo hula umeme kidogo, kama ampea mbili hivi. Jozi ya honi za gari inaweza kula ampea 8 hadi 10. Kwa betri ya volti 12, ampea 10 ni wati 120, yaani zaidi ya taa tatu za mbele za wati 35 zikiwaka pamoja. Nyaya nyembamba za honi ya zamani na kile kitufe cha kwenye usukani havikutengenezwa kubeba mzigo huo. Kitufe kitaungua, na fyuzi itakatika. Katika pikipiki nyingi fyuzi hiyo hiyo ndiyo inayolinda indiketa na taa ya breki. Umepiga honi kujiokoa, kumbe umezima taa ya breki, na lori liko nyuma yako.

Halafu linakuja kosa kubwa kuliko yote. Fyuzi ikikatika mara mbili, fundi anaviringisha waya wa shaba mahali pake. Anasema: "Hii haikatiki tena." Ni kweli, haikatiki. Kinachoungua ni nyaya zenyewe, na nyaya hizo zimepita chini ya tangi la petroli. Mungu apishe mbali.

Njia sahihi si siri. Tumia rilei. Waya mnene utoke kwenye chanya ya betri, upite kwenye fyuzi yake wenyewe karibu na betri, uingie rilei mguu wa 30. Mguu wa 87 uende kwenye honi, na honi irudishe waya kwenye hasi. Zile nyaya mbili za honi ya zamani zifungwe kwenye miguu ya 85 na 86. Hapo kitufe kinabeba umeme kidogo wa kuamsha rilei tu, na mzigo mzito unapita njia yake. Mdomo wa honi utazame chini ili maji ya mvua na matope visikae ndani. Hakikisha honi haigusi usukani unapokata kona. Na kabla ya kumlipa fundi, washa taa ya mbele, piga honi, tazama. Kama taa inafifia sana, betri au chaji yako haiwezi mzigo huo. Rudi kwenye honi moja. King'ora usikiguse, hicho ni cha polisi, zimamoto na gari la wagonjwa.

Lakini kama mfuko una fedha ya kitu kimoja tu, nunua helmeti nzuri. Watafiti waliokusanya ushahidi wa nchi nyingi walikuta helmeti inapunguza vifo vya waendesha pikipiki kwa karibu asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 69. Hakuna honi duniani yenye hesabu hiyo. Baada ya helmeti, kaza breki. Baada ya breki, washa taa hata mchana. Ng'ombe hajui honi, lakini breki yako inamjua.

Hayo ni yako, ndugu bodaboda. Sasa tugeukie yao.

Juni 2021, Waziri wa Fedha, Dk. Mwigulu Nchemba, alisimama bungeni na bajeti yenye habari mbili kwa watu wa pikipiki. Ya kwanza ilipigiwa makofi: faini ya kosa la barabarani kwa pikipiki na bajaji ishuke kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Ya pili haikupigiwa makofi vijiweni: kila lita ya petroli na dizeli iongezwe shilingi 100, kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zilizo chini ya TARURA. Mkono mmoja ulitoa, mwingine ukachukua.

Hatupingi mia kwenda barabarani. Barabara haijengwi kwa maombi. Lakini piga hesabu: kijana anayechoma lita tatu kwa siku, siku 300 za mwaka, ametoa shilingi 90,000 kwa mia hiyo peke yake. Hakupewa risiti yenye jina lake, wala hakuitwa mlipa kodi mkubwa. Huyu ni mwenye hisa katika kila kalvati. Ana haki ya kuuliza: mia yangu imefukia shimo gani? Imefyeka kona ipi? Imeweka kibao cha shule wapi?

Badala ya jibu, anakutana na mkono barabarani. Kisheria honi isiyolia ni kosa, na honi ya king'ora ni kosa. Vizuri. Aandikiwe, apewe namba ya malipo, alipe serikalini. Lakini kila mwenye pikipiki anaijua faini isiyo na karatasi, ile inayoitwa "hela ya maji". Faini ya namna hiyo haimfundishi mtu usalama. Inamfundisha kupita njia za panya, usiku, taa zikiwa zimezimwa. Hapo hata honi hapigi.

Na wakati kijana anasimamishwa kwa kelele zake, nani anasimamisha magari ya vigogo yanayopita na ving'ora na vimulimuli, yakiwatupa wananchi mtaroni ili mheshimiwa awahi ufunguzi wa semina? Sheria inayosikia honi ya maskini na kuwa kiziwi kwa king'ora cha tajiri si sheria. Kijana wa Madibira hakubuni wazo la kwamba mwenye kelele ndiye anayepishwa. Amelisoma kwa wakubwa wake.

Kwa hiyo tunasema yafuatayo, bila kumung'unya maneno.

Kona zifyekwe na mashimo yafukiwe kabla ya msimu wa kutoa mpunga, si baada yake. Vibao viwekwe penye shule, zahanati na gulio. Pawatila na mikokoteni ifungwe viakisi mwanga nyuma. Ni kitu cha bei ndogo, na usiku kinaonekana mbali kabla hakuna anayehitaji kusikia. Mafunzo ya udereva na leseni vimfuate kijana huku aliko, badala ya yeye kuacha hesabu ya tajiri siku kadhaa akavitafute mjini. Faini iwe ya karatasi. Na serikali za vijiji zikae na vijiwe, zikubaliane mahali pasipopigwa honi: shuleni, zahanati, msibani, na usiku watu wamelala.

Nawe ndugu msomaji unayepanda nyuma, usijifanye mgeni katika jambo hili. Wewe ndiye unayesema: "Kimbiza, nimechelewa." Ukimwambia apunguze mwendo, atapunguza, maana nauli ni yako. Neno lako moja sikioni mwake lina nguvu kuliko honi mbili za gari.

Kelele za bodaboda zinawaudhi wengi, na sisi zinatuudhi. Lakini usimzibe mdomo mtu anayelia kabla hujatazama kidonda chake. Vijana wa Madibira wamefunga honi kubwa kwa sababu kwa miaka mingi wamesema kwa sauti ndogo, na hakuna aliyewasikia.

Leo tumewapigia honi sisi. Walioko kwenye usukani wa nchi, tunangoja kuona mguu wenu ukienda kwenye breki.