Kitabu Kilichochelewa

Katika kisiwa cha Sakhalin, mashariki ya mbali ya Urusi, wanaishi Waorok, ambao wenyewe hujiita Wauilta. Sensa ya mwaka 2010 iliwahesabu 295 tu, na walioimudu lugha yao walikuwa wachache mno, hasa wazee. Wajapani, waliotawala kusini mwa kisiwa hadi 1945, na Warusi, wote waliwasomesha watoto wa Kiorok kwa lugha za watawala. Kitabu cha kuwafunzia watoto lugha yao kilipochapishwa mwaka 2008, nyumba nyingi zilikuwa zimekwisha kunyamaza.

Walimu wenzangu, kitabu pekee hakifufui lugha. Lugha huishi mzazi anapomsemesha mwanawe. Nasi tunapomvika mtoto kibao shingoni kwa kusema lugha ya mamaye, je, hatumfundishi kuizika?

Tuzinduke kungali mapema!